Nyumba ya Kitambaa

Sogeeni karibu, watoto wangu. Leo nawapa hadithi ya nyumba iliyojengwa kwa kitambaa.

Haikuwa hema wala nyumba ya kuchezea. Ilikuwa na ukubwa wa nyumba kamili. Watu wa mtaa mmoja huko Huruma, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, walisimamisha miti, wakafunga kitambaa pale ambapo ukuta ungesimama, wakaacha nafasi ya mlango na ya dirisha. Kisha wakaingia ndani, wakatembea. Mama aliweza kusimama pa kupikia akaona kama kiwiko chake kitagonga ukuta. Baba aliweza kupima kwa hatua kama kitanda kitaenea na mtu bado apate pa kupita. Palipobana, kitambaa kilisogezwa. Ukuta wa kitambaa una wema huo: ukikosea, hubomoi chochote.

Mtaa huo unaitwa Kambi Moto. Jina lenyewe linajieleza. Mabanda ya mbao na mabati yalikuwa yamebanana mgongo kwa mgongo, jiko la makaa hapa, koroboi pale, waya wa stima umepita juu ya paa kama kamba ya kuanikia nguo. Cheche moja ikianguka, moto unaruka banda hadi banda kabla watu hawajajua wamwamshe nani kwanza, na gari la zimamoto halina njia ya kuingilia. Watu waliungua, wakajenga, wakaungua tena. Mwishowe mtaa ukabeba jina la kile kilichokuwa kikiutafuna.

Lakini kabla ya kitambaa kulikuwa na daftari. Hadithi yangu hasa ni ya daftari.

Kwanza niwaulize: familia hupotezaje nyumba? Watu wengi wakisikia swali hilo hufikiria tingatinga. Tingatinga lipo, nitalifikia. Ila mara nyingi zaidi nyumba hupotea kimyakimya, kwa kufuli.

Tuseme kuna mama mboga. Kila alfajiri anakwenda sokoni, ananunua sukuma wiki na nyanya, anauza mtaani hadi usiku, na faida ya siku inanunua unga wa siku. Mwezi huu mtoto wake mdogo ameugua, amelazwa siku tano. Siku tano mama hakuuza. Tarehe 5 inafika, kodi haipo. Tarehe 10, haijakamilika. Mtoto mkubwa anarudi kutoka shuleni na kukuta mlangoni kufuli asilolijua. Ndani kuna sare yake, vitabu vyake, godoro, sufuria. Wako wenye nyumba ambao hawaishii kwenye kufuli. Hupanda juu na kung'oa mabati ya paa, ili mvua imtoe mpangaji. Mama huyu si mvivu wala si mlevi. Amekosa siku tano tu. Na katika siku hizo mtu wa kwanza kumpa pesa ni shailoki, mkopeshaji wa riba kali, ambaye mwezi ujao atachukua kodi na unga pia.

Sasa tuchukue mama yuleyule, lakini awe katika kikundi cha akiba. Wako wanachama 20. Kila mmoja anatoa shilingi 20 kwa siku, bei ya kitu kidogo dukani. Pigeni hesabu: 20 mara 20 ni 400 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 12,000. Kama kodi ya chumba ni 3,000, pesa hiyo inaweza kukopesha watu wanne walioanguka mwezi mmoja, nao wakalipa polepole bila riba ya kuwanyonga. Kufuli halifungwi.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini kuna jambo ndani yake linalopendeza zaidi. Mwanachama mmoja hupita mlango hadi mlango kila siku na daftari mkononi. Anapopita, haoni shilingi 20 peke yake. Anaona kwamba kwa fulani hakujapikwa jana. Anasikia kikohozi kwa jirani wa pili. Anajua ni nani amefukuzwa kazi kabla mwenyewe hajaweza kulisema. Benki haipiti mlangoni mwako jioni kukuuliza habari. Watu hawa wanapita. Ndiyo sababu mama mboga wetu halazimiki kwenda kuomba huku ameinamisha kichwa. Siku ya pili ya kulazwa kwa mtoto, kikundi kizima kinajua.

Mpango huu haukuanzia Huruma. Watu wa Nairobi waliletewa na wageni, na katika wageni hao yumo mzee mmoja ambaye nyinyi watoto mngempenda sana.

Jina lake ni Jockin Arputham, Mhindi aliyeishi katika mtaa wa mabanda ulioitwa Janata Colony, jijini Mumbai. Alikuwa kijana, hana shahada wala mali. Takataka za mtaa wao hazikuwa zikizolewa. Halmashauri ya jiji ilifanya kama mtaa huo haupo. Jockin alizoea kukaa na watoto, akiwaimbisha na kuwakusanya kusoma. Siku moja akawaambia kila mtoto afunge takataka kidogo na kuzibeba. Wakaandamana, msururu mrefu wa watoto, wakaenda kuzimwaga mbele ya ofisi za halmashauri. Wakubwa walikasirika, lakini walilazimika kukaa na kuzungumza naye. Tangu hapo takataka zikaanza kuzolewa. Watoto ndio waliofanya hivyo.

Hata hivyo, mwaka 1976 Janata Colony ilibomolewa yote, na watu wakahamishiwa mahali paitwapo Cheeta Camp. Jockin alikuwa amepigana mahakamani na barabarani kwa miaka, na bado akashindwa. Alijifunza kwamba kupiga kelele peke yake hakutoshi, kwa sababu mwenye tingatinga anaweza kusema: "Hawa ni watu wangapi? Hawana makaratasi. Hawajulikani." Mwaka 1985 shirika liitwalo SPARC likawahesabu watu waliokuwa wakilala kando ya barabara za Mumbai, familia kwa familia, kazi zao, walikotoka, miaka waliyokaa. Kumbe hawakuwa wapita njia. Ni watu waliokuwa wakifanya kazi za jiji kila siku. Wanawake wa barabara hizo wakaunda kikundi chao, Mahila Milan, wakaanza kuweka akiba. Jockin akaungana nao. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo kubwa barani Asia, na alipofariki mwaka 2018 alikuwa ametembea nchi nyingi akiwafundisha maskini wa mijini mambo mawili: wekeni akiba, na jihesabuni.

Turudi Nairobi.

Miaka ya 1990 ilikuwa migumu. Ardhi ya umma iligawiwa wenye nguvu, na waliokuwa wakiishi juu yake waliamshwa na mngurumo wa mashine. Mwaka 1990 mtaa wa Muoroto, karibu na katikati ya jiji, ulibomolewa huku watu wakipigana na askari kuokoa vyombo vyao. Mitaa mingine ilifuata. Kila mtaa ulilia peke yake. Mwaka 1996 viongozi wa mitaa mbalimbali wakasema yatosha, wakaungana, na umoja wao wakauita Muungano wa Wanavijiji. Msishangae jijini kuna wanavijiji. Wakaaji wa mabanda ya Nairobi huita mtaa wao kijiji, kwa sababu wanajuana kama watu wa kijiji. Mawakili waliokubali kuwasaidia walikuwepo, akiwemo Jane Weru, ambaye baadaye aliongoza Pamoja Trust, shirika lililosimama pamoja na Muungano. Mwanzoni kazi ilikuwa kukimbilia mahakamani kila notisi ilipotoka. Baadaye, walipotembeleana na wenzao wa India na Afrika Kusini, daftari likaingia.

Na sasa Kambi Moto ikajihesabu.

Kuhesabu kwenyewe hufanywa hivi. Vijana na kina mama wa mtaa wanagawana vichochoro. Kila banda linaandikwa nambari mlangoni. Kila mlango unaulizwa: mko wangapi, mmekaa miaka mingapi, mnalipa kodi kwa nani, choo kiko wapi? Ramani inachorwa. Kisha, na hapa ndipo ninapowasifu sana, majibu yanasomwa mbele ya watu wote. Aliyerukwa anasema "mimi nimerukwa." Aliyeandikisha mabanda mawili kwa ujanja anatajwa na jirani zake, na anafutwa. Karani aliyetumwa na ofisi angedanganywa kwa urahisi. Jirani wa miaka 15 humdanganyi.

Hesabu hiyo ilizaa ugomvi, na lazima niwasimulie ugomvi wenyewe, maana bila huo hakuna nyumba iliyosimama. Kambi Moto ilikuwa na watu wa aina mbili. Wako waliojenga mabanda na kuyapangisha, na wako wapangaji waliolipa kodi kila mwezi. Ardhi haikuwa ya yeyote kati yao. Ilikuwa ya halmashauri ya jiji. Mwenye mabanda akasema: mimi ndiye niliyenunua mabati haya, nyumba mpya ni zangu. Mpangaji akasema: nimekulipa kodi miaka yote hii, mabati yako umeyanunua mara kumi kwa pesa zangu. Wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili walikuwa na hofu.

Mkutano haukuwa mmoja. Mwishowe walifikia jambo ambalo mitaa mingi imeshindwa kulifikia: kila familia, iwe ya mwenye mabanda au ya mpangaji, ingepata nyumba moja, na zote ziwe za ukubwa mmoja. Fikirieni uzito wa uamuzi huo kwa mtu aliyekuwa akikusanya kodi kwenye milango kadhaa. Aliacha kitu kikubwa. Lakini alijua kwamba bila sahihi za wapangaji halmashauri isingetia saini yoyote, na kwamba bila mkataba siku moja tingatinga lingechukua mabanda yake yote pamoja na yao. Mwaka 2003 halmashauri ya jiji ikatia saini makubaliano na vijiji vya Huruma, na ujenzi ukaanza. Nyumba za mwanzo zilikuwa 34.

Chukueni chaki, mchore sakafuni mraba wenye karibu mita nne na nusu kila upande. Hicho ndicho kiwanja cha nyumba moja. Ni kidogo, sivyo? Zaidi ya familia 200 zilipaswa kuenea katika eneo dogo bila hata moja kufukuzwa, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kujitanua. Wakaamua kwenda juu. Chini kuna chumba, pa kupikia na choo. Ngazi inapanda hadi chumba cha pili, na baadaye, pesa ikipatikana, inaendelea hadi cha tatu. Mtu alianza na kile alichokiweza, akahamia, akaendelea kujenga juu ya kichwa chake mwaka baada ya mwaka. Mambo hayo yote yalikuwa yamejaribiwa kwanza ndani ya kitambaa.

Mafundi wa mawe walilipwa, ila kazi nyingi ilikuwa ya wenye nyumba wenyewe. Walichimba misingi. Walibeba mawe na maji. Kina mama walijifunza kufinyanga ladi, vipande vidogo vya zege vinavyotengenezwa chini na kukaushwa, kisha vinapandishwa na kupangwa juu ya mihimili ili kufanya sakafu ya ghorofa. Ufundi huo ulitoka India pamoja na daftari. Ladi moja inabebeka kwa mikono ya watu, haihitaji winchi. Mwanamke aliyewahi kuambiwa kwamba hajui chochote ila kuuza mboga akawa anasimama juu ya sakafu aliyoimwaga yeye mwenyewe.

Pesa ilitoka wapi? Kila familia ilipaswa kwanza kuweka sehemu ya gharama katika akiba yake, ndipo ikakopeshwa iliyobaki na Akiba Mashinani Trust, mfuko ulioundwa kwa kazi hiyo, kisha ikalipa kidogo kidogo. Waliochelewa kulipa walikuwepo. Nyumba zilizochukua miaka kumalizika zilikuwepo pia. Kazi ilikwenda kwa awamu, na wakati mwingine ilisimama kabisa. Siwafichi hilo, kwa sababu mtoto akiambiwa kwamba umoja hufanya mambo yawe mepesi, atauacha siku utakapomchosha. Unachosha. Watu walikaa mikutanoni wakiwa na njaa, wakagombana, wakanuniana, wakarudi kesho yake.

Moto nao? Ukuta wa jiwe na sakafu ya zege havishiki moto kama mbao. Familia inayolala humo usiku haihitaji kulala na viatu miguuni.

Kuna mahali pengine daftari limefanya kazi yake. Katika mitaa ya mabanda ya Kibera na Mukuru, hapohapo Nairobi, watu walikuwa wamejenga na kufungua biashara kando kabisa ya reli, treni ikipita wanavuta meza zao ndani. Mwaka 2004 waliambiwa waondoke. Muungano haukusema treni isipite. Uliomba watu wahesabiwe kwanza na wapewe pa kwenda, na maofisa wa reli wakasafiri pamoja na wakaazi hadi Mumbai kuona jinsi watu wa kando ya reli huko walivyohamishwa bila kutupwa. Ilichukua miaka mingi, lakini majengo yakasimama kando ya reli, na familia zilizokuwa katika orodha zikahamia humo.

Si kila hadithi imeishia hivyo. Mukuru ni pana kuliko Kambi Moto mara nyingi sana. Ukichukua Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani pamoja, kuna kaya kama 100,000, na sehemu kubwa ya ardhi ina hati zenye majina ya watu wasioishi hapo. Wakaazi na Muungano walipochunguza maisha yao, waligundua kwamba lita moja ya maji mtaani kwao ilikuwa ghali kuliko katika mitaa ya wenye uwezo. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ikatangaza eneo hilo kuwa la mpango maalumu, na watu wakajipanga kaya kumi kumi ili kila mlango usikike katika kupanga barabara, maji na mitaro ya majitaka. Barabara na mabomba vikaanza kuingia. Halafu mwishoni mwa 2021 matingatinga yakaingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu kwa maelfu ya watu wakabaki wamesimama juu ya vifusi vya nyumba zao. Mitihani ya shule ilikuwa mbele yao. Watoto wa umri wenu walilala chini ya turubai.

Lilikuwa kosa, na nalisema waziwazi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuwa na makao yanayofaa. Sheria ya ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka watu wapewe notisi ya angalau miezi 3, wanaobomoa wajitambulishe na waonyeshe kibali, na utu wa watu uheshimiwe. Yashikeni maneno hayo, na namba hiyo 43 muikumbuke. Siku notisi itakapobandikwa mlangoni, huenda nyumbani kwenu mtu wa kwanza kuisoma akawa ni wewe uliye shuleni.

Na hapo ndipo ninapotaka kuwaomba kitu. Katika vikundi vingi vya akiba wako wanachama wazee ambao macho yao yamechoka, na wengine hawakupata kusoma. Daftari huandikwa na mtoto wa mmoja wao, jioni, kwenye mwanga hafifu, jina baada ya jina, shilingi 20 baada ya shilingi 20. Jioni ya leo muulizeni mama, baba au nyanya kama yuko katika kikundi. Mwombeni awaonyeshe ukurasa wake. Mkiona kwamba mwandishi wao anasumbuka, chukueni kalamu mmsaidie, na mwandike majina yote matatu ya kila mtu, kwa hati inayosomeka, bila kumruka hata mmoja.